Kuku waliofungiwa bandani wapewe kokoto gani? Niko Mwanza

mama_buhongwa
Habari zenu wafugaji wenzangu, naombeni msaada. Nina kuku chotara wachache nyuma ya nyumba huku Buhongwa, mwanzo walikuwa wanazurura wenyewe ila majirani wakalalamika mboga zao zinaliwa ikabidi niwafungie moja kwa moja. Nawapa pumba, mahindi ya kuparaza, dagaa wa mifugo na mchicha nawatupia jioni. Sasa tangu niwafungie mayai yamekuwa na ganda jepesi mno, mengine ukiyashika yanabonyea kabisa, halafu juzi nimechinja mmoja nikakuta gole limejaa majani yamesokotana na firigisi ukiipasua haina hata kijiwe kimoja. Jirani mmoja anasema niwape kokoto, mwingine konokono wa ziwani, mwingine anasema mchanga tu unatosha. Nimsikilize nani? Na nachanganya kwenye chakula au naweka pembeni?

mzee_wa_igoma
Dada pole sana. Hapo una shida mbili tofauti ndo maana majirani wanakuchanganya. Gole kujaa majani ni shida ya kusaga, ganda jepesi ni shida ya chokaa mwilini, na dawa ya moja haitibu nyingine.

Naanza na kusaga. Kuku hana meno, kutafuna kwake ni firigisi, ule msuli unabana na kusugua na vijiwe vilivyomo ndani ndo vinaponda chakula. Akiwa nje anadonoa mwenyewe, ukishamfungia atavitoa wapi? Angekuwa anakula mashi tupu, yaani chakula kilichosagwa laini, angeweza kwenda hivyo hivyo lakini wewe unampa mahindi ya kuparaza na majani, lazima awe na mawe. Na sisi Mwanza tuna bahati maana miamba yetu hii ni graniti, jiwe gumu, haliyeyuki tumboni, linakaa linasaga mpaka lenyewe liishe. Nenda kwa wale kina mama wanaogonga kokoto barabarani ila usichukue kokoto zenyewe, waombe zile chenga zinazobaki chini, uzichekeche vumbi lote litoke, ubaki na zile za saizi ya hindi lililoparazwa, kubwa kabisa isizidi nusu punje ya hindi. Osha, anika, weka kwenye kopo lake pembeni. Usichanganye kwenye chakula, kuku anajua mwenyewe akipungukiwa anaenda kudonoa, ukichanganya unamlazimisha kula mawe asiyoyahitaji. Na huo mchicha ukate vipande vifupi, mashina yaliyokomaa yana nyuzi ndo hizo umezikuta zimesokotana.

kijana_mwaloni
Mbona rahisi tu, dagaa wa mifugo wana mchanga kibao wa ufukweni, huo si unatosha? Kwetu hatujawahi kununua kokoto.

mama_chakula_kirumba
Mdogo wangu kwenu kuku wanazurura, ndo maana hujawahi kuona shida. Mimi nauza chakula cha mifugo, hao dagaa waliokaushwa mchangani nawajua vizuri. Ule mchanga ni laini mno, unapita tumboni na kutoka hausagi kitu, halafu unalipa kilo ya dagaa kumbe sehemu yake ni mchanga na protini uliyoitegemea haipo. Mama Buhongwa ukienda kununua chukua kiganja kimoja cha dagaa kisugue juu ya karatasi nyeupe uone kinachodondoka, na uonje ulimini, wakiwa na chumvi kali waache maana chumvi nyingi inawaharisha kuku. Waliokaushwa kwenye vichanja ni bei juu kidogo ila ndo chakula. Na usizidishe, dagaa wakiwa wengi yai linanuka samaki.

Sasa ganda. Konokono wa ziwani ni sahihi kabisa, yale makombe ni chokaa tupu na yenyewe yanayeyuka tumboni, kwa hiyo hayawezi kufanya kazi ya graniti na graniti haiwezi kufanya kazi ya makombe. Kuku wa kutaga anahitaji chokaa nyingi sana, kwenye kilo 100 za chakula tunaweka kama kilo 8 hivi mpaka 10 za makombe au chokaa ya mifugo. Pumba, mahindi na dagaa peke yake havifiki hapo hata kidogo. Wewe kwa kuku wachache weka kopo la pili la makombe yaliyopondwa, yasiwe unga, yawe chenga, na hakikisha lipo jioni maana ganda linajengwa zaidi usiku kuku akiwa amelala, zile chenga zinakaa firigisini zinayeyuka taratibu usiku kucha.

Kitu kimoja nakuomba, usitume watoto kuingia majini kuokota konokono, kichocho kipo ziwani na kinaenezwa na konokono wa majini. Okoteni makombe makavu ufukweni au nunua dukani. Maganda ya mayai nayo ni mazuri, kaanga kidogo bila mafuta uyaponde kabisa, wakiyaona bado yana umbo la yai wanaweza kujifunza kula mayai yao.

mama_buhongwa
Asanteni sana jamani nimeelewa, makopo mawili. Swali la mwisho, nina vifaranga wanakuja mwezi ujao, nao niwawekee makombe? Na je naweza kuongeza mashudu ya pamba, huku yanapatikana bei nzuri.

mama_chakula_kirumba
Makombe HAPANA kwa vifaranga, chokaa nyingi inaharibu figo zao, wasubiri mpaka wakaribie kutaga. Wakiwa kwenye mashi ya vifaranga hawahitaji mawe, ukianza kuwapa majani au nafaka ndo uwawekee mchanga mnene uliooshwa.

Mashudu ya pamba kwa kuku wa mayai nenda nayo polepole sana, yana sumu ya asili inayoweza kugeuza kiini rangi ya kijani chafu yai likikaa, wateja wanarudisha trei. Chukua ya alizeti. Na kila kuku mkubwa umpe kama gramu 120 za chakula kwa siku, sio pumba tupu, pumba zina nyuzi nyingi.

mzee_wa_igoma
Naongezea tu, makopo yafunge ukutani usawa wa mgongo wa kuku, ukiyaweka chini wanayapekua na kunyea humo humo. Maji yawepo muda wote, bila maji hata firigisi haisagi vizuri.