Acheni kusema "muvi mbovu" kwa kopi za jero mnazojaziwa hapa Dodoma

Wakuu, povu linakuja, mwenye moyo mwepesi apite kushoto.

Haipiti wiki bila mtu kufungua uzi wa "nimeangalia muvi fulani, sijaelewa kitu, nimelala katikati". Mwingine anaigawia filamu mbili kwa kumi kana kwamba yeye ndiye jaji. Ukimuuliza ameionea wapi, jibu halibadiliki: flashi iliyojazwa kwa jero (shilingi mia tano) kwenye maktaba, yaani duka la kujaza muvi, la Majengo au Sabasaba, au kibanda umiza cha Chang'ombe. Sasa hapo umeona filamu au umeona mabaki? Maoni mengi yanayomwagwa humu ni maoni kuhusu kopi. Wa kulaumiwa ni wanaojaza flashi, wasimuliaji wanaoropoka, na sisi wenyewe tunaobonyeza rimoti bila kujua kitufe kinafanya nini.

Tuchukue Sinners ya Ryan Coogler, ya 2025, maana hiyo imesagwa kweli kweli. Hadithi iko Mississippi mwaka 1932. Mapacha Smoke na Stack, wote wawili wakichezwa na Michael B. Jordan, wamerudi kwao kufungua ukumbi wa muziki, na binamu yao Sammie ndiye mpiga gitaa. Filamu yote imebebwa na bluzi, muziki wa Wamarekani weusi. Kuna mahali Sammie anaimba, na katikati ya wachezaji wanaanza kutokea watu wa zama nyingine: wapiga ngoma wa Kiafrika, mpiga gitaa la umeme, DJ wa hip hop, wachezaji wa Kichina. Hakuna anayekueleza nini kinaendelea. Masikio ndiyo yanayokueleza, kwa sababu kila anapotokea mtu wa zama zake, muziki nao unageuka.

Kwenye kopi ya kutafsiriwa inayozunguka mjini, msimulizi anaongea juu ya wimbo huo mwanzo hadi mwisho. "Hapa sasa steringi anapiga gitaa, watu wanacheza, muone yule kavaa manyoya." Tunaona, ndugu! Macho tunayo! Halafu mtu anakuja humu kuandika kwamba ile sehemu ya dansi ni ndefu na haina maana. Ingekuwaje na maana wakati umesikia kelele za mtu mmoja kwa dakika zote hizo?

Sina ugomvi na kusimulia. Enzi za Lufufu, yule msimulizi wa muvi za kutafsiriwa, watu walikuwa wanaingia kibandani kwa ajili ya msimulizi kuliko hata filamu, na ni fani halali ya kuburudisha. Ugomvi wangu ni uvivu. Studio ikitengeneza filamu inaweka mazungumzo kwenye njia (track) yake, muziki kwenye yake, milio ya hatua na milango na risasi kwenye yake. Anayeingiza lugha nyingine kihalali hupewa muziki na milio bila mazungumzo, kisha anaweka sauti za waigizaji wake. Msimulizi wetu hana hicho. Ana sauti moja iliyokwisha kuchanganywa, kwa hiyo akitaka asikike lazima aishushe yote. Mvivu anaishusha dakika ya kwanza na hairudishi mpaka mwisho. Ndiyo maana muvi nzima unasikia kama inaonyeshwa nyumba ya jirani.

Na dawa yake haina gharama. Audacity, programu ya kuhariri sauti, ni ya bure. Fungua sauti ya filamu, iwe njia ya juu. Sauti yako ya kusimulia iweke kwenye njia ya chini yake, zigusane bila njia nyingine katikati. Chagua ile ya juu, nenda kwenye Auto Duck. Yenyewe imeshapangwa kushusha desibeli 12, yaani mawimbi yanabaki kama robo, kila unapoongea, na ukinyamaza sauti ya filamu inapanda. Ukiona inapanda na kushuka kwa kurukaruka, ongeza muda wa kushuka na kupanda mpaka isisikike. Kisha rudisha sauti kwenye picha bila kuibana (compress) picha upya, maana kila ukiibana inapoteza kitu, na hizi kopi zetu zimeshabanwa na watu wawili watatu kabla yako. La mwisho halihitaji programu: wimbo ukianza, funga mdomo.

Kuna dhambi nyingine ya wasimuliaji hao hao, kukata. Wanakata yale majina ya waigizaji na watengenezaji yanayopita mwisho wa muvi ili faili liwe dogo. Sinners ina kipande kizima kinachokuja baada ya majina kuanza kupita, kinaruka hadi 1992, na yule mzee unayemwona pale ni Buddy Guy mwenyewe, gwiji wa bluzi wa Chicago. Bila kipande hicho hadithi imekatwa mguu, na humu wamejaa wanaolalamika kwamba mwisho umeachwa hewani. Kabla hujalipa angalia urefu. Sinners ni dakika 137. Oppenheimer ya 2023 ni dakika 180. Ukiona 110 kwa ya kwanza au 140 kwa ya pili, mwambie akurudishie jero yako.

Na kwa kuwa nimeitaja Oppenheimer: aliyeandika kwamba kopi yake "rangi zinakuja na kuondoka", hapo maktaba haina kosa, mkuu. Sehemu za rangi zinafuata macho ya Oppenheimer, mwanasayansi wa bomu la atomiki, nyeusi na nyeupe zinamfuata Strauss, hasimu wake. Imetengenezwa hivyo makusudi.

Sasa ukubwa wa faili, hapa ndipo tunapoibiwa hasa. Mtu anakujazia muvi ya dakika 137 kwa MB 350 na anakuapia ni HD. Piga hesabu: MB 350 ni biti milioni 2,800, gawa kwa sekunde 8,220, unapata kama biti 340,000 kwa sekunde, picha na sauti kwa pamoja. Kiasi hicho hakitoshi kubeba usiku. Sinners sehemu kubwa ni usiku, kwa hiyo giza linageuka miraba ya kijivu inayotetemeka, na sura ya mtu aliyesimama kivulini inayeyuka kila akigeuza shingo. Filamu hiyo hiyo ikiwa GB 2 inapata karibu biti milioni 2 kwa sekunde, na hapo unaanza kuona mtu kasimama wapi. Neno 1080p kwenye jina la faili halikusaidii, maana linahesabu nukta tu. Nukta nyingi zenye taarifa kidogo ni uchafu mkubwa zaidi. Fungua faili kwa VLC, programu ya kuchezea video, kwenye kompyuta pale pale dukani, bonyeza Ctrl na J, usome mwenyewe taarifa za picha na sauti, halafu peleka mshale kwenye sehemu ya giza uangalie kwa macho.

Wengine watakwambia faili kubwa "haliingii kwenye flashi". Flashi iliyofomatiwa kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili moja la GB 4 na kuendelea hata kama ina GB 60 tupu. Faili la GB 2 linaingia bila shida, asikudanganye. Ukihitaji kubwa zaidi fomati kwa mfumo wa exFAT au NTFS, ila jaribu kwanza kama TV yako inazisoma, kwa sababu za zamani nyingi zinagoma.

Kopi za kurekodiwa ukumbini sitaki hata kuzijadili sana. Picha imepinda upande mmoja, kichwa cha mtu kinapita chini, watu wasioonekana wanacheka, tangazo la kubashiri linateleza juu ya sura ya mwigizaji. Jina la faili likiwa na CAM, HDCAM, TS au HDTS, ndiyo hizo. TS inawadanganya wengi kwa sababu sauti yake huwa imenaswa moja kwa moja kutoka kwenye mtambo wa sauti wa ukumbi, ni safi, lakini picha bado ni ya kamera iliyofichwa kwenye koti. Na wenye maktaba wanabadilisha jina, wanaandika "MPYA HD KALI". Subirini toleo halali litoke, au nyamazeni kuhusu rangi na upigaji picha. Na msinikumbushe habari za hakimiliki, najua sheria ya 1999 ipo na wenye maktaba wanaijua pia.

Tuje nyumbani, maana na sisi hatuko salama.

"Muvi haina sauti." Inayo. Sauti yake imefungwa kwa aina ya DTS au E-AC-3 na TV yako haina leseni ya kuisoma. Omba wakubadilishie sauti tu iwe aina ya AAC ya stereo, picha isiguswe. Ni kazi ya dakika chache. Ikiwa sauti ipo na kioo ni cheusi, picha imebanwa kwa aina mpya ya x265 na TV au deki yako ni ya zamani, omba aina ya zamani, x264.

"Maneno hayasikiki, milipuko inapasua madirisha." Sauti za njia sita (5.1) huweka mazungumzo kwenye spika ya katikati. Wewe una sabufa na spika mbili za pembeni, hiyo ya katikati huna, na kifaa kikichanganya vibaya maneno yanabaki nyuma. Ingia kwenye mpangilio wa sauti wa TV, toa Bitstream, weka PCM au stereo. Halafu punguza besi. Besi ya singeli ukiiacha hivyo hivyo kwenye muvi inafukia sauti za wanaume zote.

Na wale wa kubonyeza zoom "kuondoa mistari myeusi"! Hiyo mistari si hitilafu. Sinners imepigwa kwa maumbo mawili: moja pana sana, upana mara 2.76 ya kimo, na jingine refu la IMAX, ule mfumo wa kumbi zenye kioo kikubwa mno. Dodoma ukumbi wa IMAX hatuna, lakini hata kwenye TV unaona mistari ikiondoka na picha kujaa kioo pale mwongozaji anapotaka. Kwenye TV ya inchi 43, umbo pana linachukua kama sentimita 34 za kimo kati ya 53. Ukizuumu ili lijae, umetupa zaidi ya theluthi ya upana, na hii ni filamu ya mapacha wanaosimama kushoto na kulia. Unabaki na pacha mmoja na bega la mwenzake, halafu unauliza anaongea na nani. Weka 16:9 au Auto, uache.

Bongo muvi nazo? Huko kopi haina kosa, tatizo linaanzia kwenye kupiga picha. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya 2021, kutoka riwaya ya Adam Shafi, imeonyesha kwamba inawezekana. Lakini nyingi zinazopigwa huku kwetu zinatumia maiki ya juu ya kamera, mita tatu kutoka kwa anayeongea, nje, kwenye upepo wa Dodoma wa Julai na Agosti. Unachopata ni vuuu, kisha kinanda kinamwagwa juu kuficha vuuu, kisha maneno yanapotea yote. Dawa ni maiki ya kubana chini ya nguo, kofia ya manyoya kwa maiki ya nje, na sekunde 30 za kurekodi ukimya wa kila eneo ili mhariri awe na cha kuzibia. Vifaa hivyo ni bei ndogo kuliko kukodi lile gari linaloingia getini taratibu kila baada ya dakika tano.

NYONGEZA kwa aliyeuliza kule chini kuhusu maandishi ya tafsiri (subtitles) kutoendana na midomo: kwanza angalia kama kosa ni lile lile tangu mwanzo. Kama ndiyo, kwenye VLC bonyeza H kuyachelewesha, G kuyawahisha, kila bonyezo ni milisekunde 50. Ikiwa mwanzo yako sawa na yanazidi kuwahi kadiri muvi inavyoendelea, maandishi yalitengenezwa kwa kopi ya fremu (picha) 25 kwa sekunde na yako ni 23.976, saa moja ikifika yameshatangulia kwa karibu dakika mbili na nusu, H haitakusaidia. Pakua Subtitle Edit, ni ya bure, fungua faili la maandishi, chagua kubadilisha kasi ya fremu kutoka 25 kwenda 23.976, hifadhi kwa jina lile lile la muvi kwenye folda moja. Na ukikuta yanaruka ghafla katikati, hapo pamekatwa kipande, rudi kwa aliyekujazia.