Tupeane uzoefu: kiti chepesi cha mtoto kwa safari za gari

MamaIlazo: Habari za jioni wapendwa. Mwanangu ana mwaka na miezi minane, kilo 11. Mwisho wa mwezi tunapanda treni ya SGR pale Mkonze, Dodoma, hadi Dar, halafu tunakodi gari kwenda kwa bibi yake Tanga. Kiti chake cha kila siku kina kilo 12, kimemzidi mwenyewe! Jana nilijaribu kukibeba huku nimempakata, toka getini hadi mlangoni mkono ukafa ganzi. Mliosafiri na wadogo, mlitumia kipi?

BabaWawili_Kisasa: Shemeji yangu alituletea Cosco Scenera Next kutoka Marekani. Plastiki na sponji nyembamba, unakinyanyua kwa mkono mmoja. Mtoto anaweza kukaa ameangalia nyuma hadi kilo 18.

Mzee wa Kongwa: Nyie wote mmebebwa migongoni na mama zenu na mmekua. Pesa hiyo nunua mbuzi.

Nuru_D: Shikamoo mzee. Mgongoni tulibebwa kwa miguu, si kwenye spidi 100 baada ya Gairo. Gari likisimama ghafla hakuna mkono wa mama unaomzuia mtoto.

Mzee wa Kongwa: Marahaba. Mimi nimesema uzoefu wangu.

Mama Tumaini: Jamani ngoja niseme, maana hili limenirudisha mbali. Mwaka juzi tulitoka Singida kwenye msiba, tumekodi Noah. Kiti chepesi kama hicho, nikakiweka siti ya kati ili nimwone vizuri, ameangalia mbele. Pale katikati palikuwa na mkanda wa kiunoni tu. Nikaupitisha, nikaufunga, ukalia "ka!", moyo ukatulia. Kabla ya Bahi jua limeshazama, ng'ombe wakajitokeza barabarani na dereva akakanyaga breki. Kiti kilipinduka na mtoto ndani yake. Kilijikunja mbele kama mtu anayesujudu, uso wake ukapiga mgongo wa siti ya dereva. Damu za pua kwenye shati jeupe, nalia, dereva analia. Hospitali walimpima, pua haikuvunjika, ashukuriwe Mungu. Baadaye nilipoushika ule mkanda niliona umelegea, ngumi yangu nzima ilipita. Kufunga nilifunga, kukaza sikukaza.

Nuru_D: Pole sana dada. Nimesoma huku nimemshika wangu.

Zabibu_Hombolo: Pole mama. Ndiyo maana mimi sitaki hivi vyepesi, kizito kinakaa.

FundiNkuhungu: Hapana, uzito hauhusiki. Kiti kinashikwa na mkanda. Weka goti kwenye kiti, kandamiza, vuta mkanda mpaka mwisho. Kisha kishike pale mkanda unapopita ukitikise, kisisogee zaidi ya sentimita 2 na nusu. Na kwenye hizi gari zetu jaribu hivi: vuta mkanda wote utoke, uachie urudi taratibu. Ukisikia kri-kri-kri unaporudi, mkanda huo unajifunga wenyewe. Usiposikia, utalegea njiani, isipokuwa kiti kiwe na kibano chake cha kuushika mkanda.

Zabibu_Hombolo: Wewe fundi wa magari au wa watoto?

FundiNkuhungu: Wa magari, na baba wa watatu.

Salome_AreaC: Nyongeza: kiti kinachoangalia nyuma kisikae mbele penye eabegi (mfuko wa hewa unaofutuka gari likigonga), kamwe. Pia msimfunge mtoto na sweta nene au khanga ndani ya mikanda. Unadhani imembana, kumbe imebana nguo.

Kaka_Chamwino: Mimi nilipata mtumba sokoni, safi kabisa, bei ya kuku wawili.

Salome_AreaC: Geuza uangalie chini, tarehe ya kutengenezwa imechorwa kwenye plastiki. Na unajua kama hakijawahi kupata ajali?

Kaka_Chamwino: Bora hicho kuliko mapajani.

Salome_AreaC: Kikiwa na ufa usiouona, vyote ni kimoja!

BabaWawili_Kisasa: Msigombane. MamaIlazo, kwenye treni hakuna mkanda wa kukifungia, kitakuwa mzigo tu. Kifunge kwenye mgongo wa begi. Na kikikaa juani funika vyuma, jua letu linavichoma, mtoto anaungua mapaja.

MamaIlazo: Asanteni. Nimempigia mwenye gari la Dar sasa hivi, nimemwambia akavute mikanda ya nyuma yote. Kati kuna wa kiunoni tu. Kushoto unalia kri-kri. Mtoto atakaa kushoto, na mimi pembeni yake.