Mti wangu umezaa machungwa 160 yasiyokuwepo

mwana_makorora

Wakuu, habari za jioni. Nimekwama tangu Ijumaa, hata chai ya mama naiona chungu.

Niko Makorora, Tanga. Mjomba wangu hununua machungwa Muheza na kuyasafirisha, na hesabu zake zote zimo kwenye daftari lililolowa maji ya machungwa mpaka ukurasa wa kwanza unausomea wa tatu. Nikasema nimtengenezee kilugha cha hesabu kwa Python, ile lugha ya kuandikia programu. Najua kuna programu za majedwali, msinielekeze huko. Mjomba hataki visanduku, anataka aandike kama anavyosema:

```
weka mzigo = 1000 - 120 - 80
andika mzigo
```

Yaani machungwa elfu moja, toa 120 yaliyooza, toa 80 aliyompa dalali. Kichanganuzi, yaani sehemu inayosoma alichoandika, nimekiandika kwa mkono wangu, sikuchukua maktaba ya mtu (msimbo uliokwisha kuandikwa). Kinakata maandishi kuwa tokeni (vipande: neno, namba au alama), halafu fanksheni, vijisehemu vya msimbo vyenye kazi moja moja, zinaitana na kujenga mti. Kila nodi, yaani pale mti unapogawanyika, ina alama yake, mtoto wa kushoto na mtoto wa kulia. Mwisho kuna fanksheni ya kukokotoa inayoanzia kwenye mzizi, ikashuka mpaka kwenye majani, ikarudi na majibu. (Miti ya watu wa kompyuta mizizi iko juu, nadhani mnajua, mimi ilinichukua wiki kuzoea.)

Jana nikamwonyesha mjomba mbele ya makuli wawili. Programu ikasema 960. Mjomba alishapiga hesabu kichwani kabla sijabonyeza: 800. Kuli mmoja akauliza kama laptopu imezaa machungwa 160 njiani. Tangu jana naitwa "shamba".

Ngazi za hesabu nimezipanga kwa MAGAZIJUTO (Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa) kama tulivyofundishwa. toa() inaita jumlisha(), nayo inaita zidisha(), nayo gawanya(), nayo mabano(). Zote nne za mwanzo zina umbo hili (alama() inachungulia tokeni iliyo mbele, chukua() inaila):

```
def toa():
    kushoto = jumlisha()
    if alama() == "-":
        chukua()
        return Nodi("-", kushoto, toa())
    return kushoto
```

Nilichojaribu: kwanza niligeuza orodha ya tokeni kinyumenyume, kisha nikabadilishana watoto wa kushoto na kulia. Kutoa kukakubali! Nikaruka. Kuja kuweka mabano, yanaanza kwa kufunga na kumalizia kwa kufungua. Nikafuta yote.

Pili, nikaona labda toa() ijiite yenyewe kwanza, upande wa kushoto. Sisi huku tunasema Tanga waja leo waondoka leo. Fanksheni yangu imekuja leo na haiondoki. Ilijiita mpaka Python ikakata tamaa kwa kina cha 1000.

Kosa liko kwenye kukokotoa au kwenye mti?

---

fundi_raskazone

Kwenye mti. Fanksheni yako ya kukokotoa haina hatia, iache kabisa.

Kaka, ukiwa na kichanganuzi usianze kuangalia jibu. Chora mti. Andika fanksheni ya mistari mitano ichapishe kila nodi na kuwasogeza watoto wake ndani kidogo. Ungekuwa nayo tangu Ijumaa ungeona hivi, kushoto wako, kulia unaoutaka:

```
   -                 -
  / \               / \
1000  -            -   80
     / \          / \
   120  80     1000  120
```

Nodi haiwezi kujibu mpaka watoto wake wamejibu. Kwa mti wako, wa kwanza kujibu ni 120 - 80, anasema 40, ndipo 1000 inatolewa 40. Ile 80 ya dalali umeitoa kwenye machungwa yaliyooza. Ndiyo maana yamebaki mengi.

Mti umelalia kulia kwa sababu toa() inajiita upande wa kulia. Kujiita upande wa kushoto ndiko kulikokuua, maana inajiita kabla haijala tokeni hata moja, basi kila ikiingia inakuta mambo yaleyale. Usijiite kokote. Zunguka:

```
def toa():
    kushoto = jumlisha()
    while alama() == "-":
        chukua()
        kushoto = Nodi("-", kushoto, jumlisha())
    return kushoto
```

Uangalie ule mstari wa tano vizuri. Nodi uliyokwisha kuijenga inakuwa mtoto wa kushoto wa nodi mpya. Kila alama ikija, mti wote wa nyuma unabebwa mgongoni.

Na usitie shaka bila sababu, Python yenyewe itakuonyesha mti wake. Ukiwa na toleo 3.9 au jipya zaidi, chapisha `ast.dump(ast.parse("1000 - 120 - 80", mode="eval"), indent=2)`. Utakuta BinOp (nodi ya alama yenye watoto wawili) ndani ya BinOp, na ile ya ndani iko upande wa `left`, yaani kushoto.

---

mwana_makorora

Fundi, 800! Nimekimbia kwa baiskeli mpaka kwa mjomba nikiwa na laptopu kwenye rambo.

Lakini sikukaa hata dakika kumi. Akaandika `1000 - 120 + 50`, yaani hamsini amerudishiwa na mteja. Ikatoka 830. Mjomba akasema inatakiwa 930, akaendelea kula muhogo wake. Mti nimeuchora kama ulivyonielekeza: nodi ya 120 + 50 iko chini, ndiyo inayojibu kwanza. Kweli JU inatangulia TO, au siyo?

---

bi_hisabati

Mwanangu, nimefundisha hisabati shule ya msingi mpaka nikastaafu, na hili kosa lako nimelisahihisha kwa kalamu nyekundu kabla hujazaliwa.

MAGAZIJUTO ina herufi nyingi lakini ngazi zake ni tatu. Mabano peke yake. GA na ZI ngazi moja. JU na TO ngazi moja. Mmoja lazima atamkwe kabla ya mwingine, kwa sababu mdomo hauwezi kusema JU na TO kwa pamoja, basi watoto wakadhani aliyetamkwa kwanza ndiye mkubwa. Wa ngazi moja wanakaa mkeka mmoja na wanapakuliwa kuanzia kushoto. 1000 toa 120 ni 880, ongeza 50 ni 930. Mjomba wako yuko sahihi.

Siijui hiyo Python, ila nikisoma ulivyoandika naona una fanksheni tano pale zilipotakiwa tatu.

---

mwana_makorora

Shikamoo mwalimu. Mimi nilichapwa kwa kutoa kabla ya kujumlisha, leo naambiwa mkeka mmoja!

---

bi_hisabati

Marahaba. Pole kwa fimbo.

---

fundi_raskazone

Mwalimu kamaliza. Mimi kazi yangu ni kuihamishia kwenye msimbo. Futa zile nne, weka jumla() na zao():

```
def jumla():
    kushoto = zao()
    while alama() in ("+", "-"):
        a = chukua()
        kushoto = Nodi(a, kushoto, zao())
    return kushoto
```

zao() iwe pacha wake, yenye "*" na "/", inayoita mabano(). Kwenye mabano, ukikuta "(" unaichukua, unaita jumla(), unachukua ")", unarudisha nodi uliyopewa. Usiunde nodi ya mabano. Umbo la mti lenyewe ndilo mabano.

Halafu jaribu `7 * 3 / 2`. Kama unagawanya kwa namba nzima, yaani unatupa baki, na naamini unafanya hivyo maana chungwa moja huligawi kwa lori mbili, mti wako wa zamani ungekupa 7, kwa kuwa 3 / 2 ingejibu kwanza na kusema 1. Sasa utapata 10. Hili lingekutafuna miezi kabla hujalijua.

---

tokeni_tupu

Nachomekea kidogo, maana naona mnaikandia kulia kama ina dhambi. Kipeo kinalalia kulia. Katika Python, ambako `**` ni alama ya kipeo, `2 ** 3 ** 2` ni 512, si 64. Siku mjomba akitaka vipeo (hatataka), hiyo ngazi yake iache ijiite kama ulivyoanza.

Tena kuna lugha ya APL ya Kenneth Iverson, ya miaka ya 1960, ambayo alama zote hukokotolewa kuanzia kulia, hazina mkubwa wala mdogo. Ukiandika 1000 - 120 - 80 huko unapata 960 na hakuna anayekucheka. Kwa hiyo hukukosea hesabu, ulitengeneza lugha nyingine bila kukusudia.

Jambo la kazi sasa: kwenye kila Nodi hifadhi namba ya mstari ilikotoka tokeni yake. Leo huioni faida. Mjomba akigawanya kwa sifuri kwenye mstari wa 40 na programu ikasema "kosa" tu, nani atakaa kutafuta?

---

mwana_makorora

Nimerudi. 800, 930, 10, zote zimekubali, na `(1000 - 120) * 2` nayo ni 1760. Namba ya mstari nimeiweka. Fanksheni zimebaki tatu, faili limepungua karibu nusu, na mimi nilidhani nikiandika mengi ndiyo nimefanya kazi.

Mjomba amekaa na laptopu tangu alasiri. Mstari wa kwanza alioandika akiwa peke yake:

```
weka mzigo = 1000 kasoro 120 kasoro 80
```

Ikakataa: kosa mstari wa 1, neno "kasoro" halijulikani. Akaniuliza lugha gani ya Kiswahili isiyojua kasoro. Sikuwa na jibu. Nikataka kuiongeza kwenye jumla(), kisha nikaona niibadilishe iwe "-" palepale kwenye kukata tokeni. Mti haujui kitu, ila mjomba anajua.

Yule kuli kapita jioni, kauliza shamba limevunwa ngapi leo. Mia nane.