Nimeendesha gari usiku kucha niende kuzamia meli, nimeachwa gatini nilinde VIATU

Pezi_Moja (mleta uzi)

Wakuu, salamu baadaye. Naandika nikiwa kituo cha mafuta, mikono inatetemeka, na si kwa baridi ya Ziwa Huron, maana hilo ziwa lenyewe sijaligusa hata kwa kidole.

Jamaa mnamjua, simtaji. Yule mratibu wa kila kitu kuanzia futari ya jumuiya hadi mazishi. Ukipiga chafya tu, kashafungua kundi la WhatsApp na namba ya kutuma mchango. Huyo huyo.

Tangu theluji haijayeyuka ananiimbia: kaka, safari hii tukodi boti yetu wenyewe, Waswahili watupu, tukazamie zile meli zilizozama za Thunder Bay, kule Michigan. Kachora na ratiba. Asubuhi Grecian, lile dude la chuma lililokwenda chini 1906, mita 30 hivi. Mchana tunapanda Monohansett, iliungua 1907 na imelala kwenye maji mafupi, tule upepo. Na hapo ndipo aliponipata, kwa sababu mimi hizo meli nalala nazo naamka nazo. Ziwani hakuna yule mdudu anayetoboa mbao, yule ambaye mabaharia wa kwetu wanampakia deheni majahazi yao kila mwaka. Kule jahazi la milingoti mitatu, Cornelia B. Windiate, lilipotea na watu wake wote 1875, na hadi leo limesimama wima chini ya maji utadhani linasubiri upepo. Hilo liko mita 55, si la watu wa mchezo, lakini mtu akikutajia tu unalipa.

Nikalipa. Kishika nafasi siku ile ile. Nikakodi suti kavu, ile isiyoingiza maji, maana chini kule nyuzi ni 5 au 6 hata mwezi wa saba, ukiingia na kile kisuti chako cha Nungwi unatoka samaki wa friza. Nikapunguza vipande vya risasi vya uzito kwenye mkanda, kwa sababu maji ya ziwa hayakunyanyui namna ya maji ya chumvi. Nikapika na pilau la watu wote. Nalo nililipika MIMI. Columbus hadi Alpena usiku kucha, sufuria nimeifunga mkanda wa kiti.

Tunafika gatini. Nahodha ni mzungu mzee, maneno machache. Anahesabu vichwa. Anasimama. Anahesabu tena. Saba. Boti ya namna ile ruhusa yake ni abiria sita, ndiyo sheria ya walinzi wa pwani wa Marekani, hakuna cha "anko tubanane". Wa saba ni nani? Shemeji! Shemeji yake mratibu! Na wala hazamii! Kaja na ndala, miwani ya jua na simu ya kupigia video!

Nikatulia, najua shemeji anashuka. Wakuu, jamaa akanigeukia MIMI. Mbele ya watu. Mbele ya mzungu. Suti kavu nimeshafungwa zipu. Akasema kwa ile sauti ya mwenye shughuli: "Kaka, wewe si ndiyo mtu wetu? Baki basi utulindie viatu."

Viatu.

Nina cheti cha maji baridi. Nimewahi kushuka hadi meli ya Cedarville pale Mackinac. NILINDE VIATU. Na wale wengine, watu niliokula nao chumvi, wote ghafla wakawa wanakagua mitungi. Boti ikaondoka, nimebaki na pea sita, moja ni ndala. Nimelinda ndala, jamani. Kuna ndege mmoja mkubwa mweupe alizinyatia nikamfukuza. Nikiwa nimevaa suti kavu!

Wamerudi wanacheka, eti maji meupe hujapata kuona. Naambiwa MIMI! Ninajua ni meupe! Ni wale kome wa kigeni waliokuja na maji ya matumbo ya meli kutoka huko Bahari Nyeusi, wamechuja ziwa zima na kuzifunika meli zenyewe. Mimi ndiye niliyemfundisha! Halafu wakala pilau langu, mratibu akachota ukoko, akauliza: "Kachumbari hamna?"

Kishika nafasi eti kitahesabiwa safari ijayo.

Viatu, wakuu. Povu ruksa.

---

BintiMkunazini
Nimecheka nimemwamsha mtoto. Sasa zile ndala ulizipanga au ulizirundika tu?

Sina_Presha
Chai hii, sukari imezidi. Mtu na akili zake anafunga zipu ya suti kavu kabla hajapanda boti?

Pezi_Moja
@Sina_Presha zipu ipo mgongoni, unafungwa na mwenzio, na mwenzio akishapanda boti hakuna wa kukufungua! Ndiyo maana nimekaa nayo mpaka wamerudi! Unafikiri jasho hili ni la nini?

Sina_Presha
Kwa hiyo ulilinda viatu ukiwa umefungiwa. Hii sasa ni ajira.

Bwana_Tishali
Mjini tunajua watu waliozamia meli Durban wakaibukia Ugiriki. Wewe umelipa hela, una vyeti, na meli yenyewe imeshafika chini inakusubiri, na bado umeshindwa kuzamia.

Mama_Wawili_Toronto
Afadhali wewe uliachwa nchi kavu. Mimi huyo mtu alinipeleka Tobermory. Kanishawishi mwezi mzima: dada, kuna jahazi Sweepstakes, lilizama 1885, uzame ulione kabla hujafa. Nikakodi mitungi miwili, taa kubwa na ya akiba, nikaandika na wosia. Kufika, jahazi liko kwenye maji mita sita! Boti za watalii za sakafu ya kioo zinapita juu, bibi mmoja kakaa na aiskrimu yake ananipungia mkono. Nikainua uso kwenye maji, mratibu anapiga kelele, "Si nilikwambia ni zuri?"

Pezi_Moja
@Mama_Wawili_Toronto dada pole, ila wewe uliingia majini. Mimi VIATU.

Mama_Wawili_Toronto
Nilikuwa na taa mbili saa saba mchana. Usinishindanishe machungu.

Nshomile_wa_Dallas
Naomba niseme moja, mnaweza kunichukia. Nahodha amefanya sawa. Mimi ni mtu wa Bukoba. Tarehe 21 Mei 1996 nilikuwa mtoto, na meli yetu, MV Bukoba, ilizama ikiwa imejaza kupita kiasi kwa sababu kila mmoja alimwonea haya mwenzake, huyu mmoja tu ana shida gani, tubanane. Mpaka leo nikipanda kivuko nahesabu watu. Huyo mzee aliyehesabu mara mbili ningemnunulia soda. Mwenye kosa ni aliyeleta mtu wa saba, hapo nipo na wewe.

BintiMkunazini
Mungu awarehemu wote. Kweli kabisa.

kamanda_wa_mkeka
Lakini wakuu, kwa nini tunatajirisha Michigan? Si tuje tuzamie meli za kwetu, hiyo Bukoba ipo hapo hapo nje ya Mwanza.

Nshomile_wa_Dallas
@kamanda_wa_mkeka pale ni kaburi. Futa hiyo.

kamanda_wa_mkeka
Nisamehe mkuu, sikufikiria. Nilimaanisha kama Liemba ya Ziwa Tanganyika.

Mwana_wa_Ujiji
LIEMBA HAIJAZAMA. Yaani ilizamishwa na Wajerumani wenyewe 1916 wasimwachie adui, na kabla ya hapo wakaipaka mashine zake grisi nzito kabisa. Waingereza wakaiibua 1924, 1927 ikarudi kazini. Sisi kwetu meli ikizama tunaitoa, tunaifuta, tunapakia dagaa.

kamanda_wa_mkeka
Kwa hiyo ni meli iliyozama ambayo huhitaji suti kavu. Si ndiyo ninachosema?

Mwana_wa_Ujiji
Sikuelewi na sitaki kukuelewa.

Pezi_Moja
Wakuu turudi kwenye mada. Mbele ya mzungu. "Baki utulindie viatu."

Sina_Presha
Viatu tumeshaelewa mkuu. Pilau ulitumia mchele gani? Usiku kucha kwenye gari bila kushikana si mchezo.

Pezi_Moja
Basmati. Lakini hiyo siyo mada!

BintiMkunazini
Na kachumbari kweli hukubeba?

Mpenda_Amani_2
*(amejiunga leo)*
Mimi nasoma tu humu nasikitika. Kuna ndugu zetu hawana shukrani. Mratibu anajitolea muda wake, mafuta yake, halafu mtu kuombwa msaada mdogo wa dakika chache anakuja kumchafua mwenzake. Kwanza vile viatu vingeweza kuchukuliwa na mawimbi. Pili, video imetoka vizuri sana.

Bwana_Tishali
Shemeji karibu jamvini. Ndala zilirudi salama?

Mpenda_Amani_2
Mimi si shemeji wa mtu. Ila moja imelowa.

Pezi_Moja
HUYU NDIYE! HUYU NDIYE WA SABA!

Mpenda_Amani_2
Wenye nia njema tunawakaribisha safari ya Mackinac mwezi wa nane, meli ya Cedarville, ile iliyogongana na meli ya Norwei kwenye ukungu wa Mei 1965 ikaenda chini na shehena ya mawe ya chokaa. Watu 10 walipoteza maisha, kwa hiyo tunakwenda kwa heshima. Kishika nafasi namba ile ile.

Mama_Wawili_Toronto
Hiyo ina kina gani? Nina taa mbili hazina kazi.

Pezi_Moja
@Mama_Wawili_Toronto DADA???

Mama_Wawili_Toronto
Nimeuliza tu.

Mweka_Hazina_Mstaafu
Hapo kwenye kishika nafasi mmenikumbusha sendofu ya mwezi wa nne. Tulichanga, tukaambiwa vitenge vya sare vimeagizwa, wengine tumeshonewa sketi bila blauzi. Mwenyekiti wa kamati yumo humu anasoma, leo asipite.

BintiMkunazini
Wewe afadhali una sketi. Mimi nililetewa kipande cha kilemba nikaambiwa kingine kinakuja na mtu kutoka Dar.

Mweka_Hazina_Mstaafu
Huyo mtu kutoka Dar alishafika, alikaa wiki mbili Houston, akarudi.

BintiMkunazini
Na begi langu??

kamanda_wa_mkeka
Fungueni uzi wenu jamani. Ila kitenge kile cha bluu wake wa kamati wote wanacho, nimewaona kwenye picha za ubatizo.

BintiMkunazini
Picha zipi? Tupia hapa. Tupia sasa hivi, nipo macho.