Betri ya "100Ah" yenye kilo 16! Wauza sola Mtwara mnatuona mazuzu

Wakuu,

Nilijiambia nisiandike nikiwa na hasira, nikaacha wiki mbili zipite. Zimepita, hasira iko palepale, kwa hiyo mnisome hivyohivyo.

Mimi ni fundi wa mashine za kupulizia mikorosho. Kuanzia mwezi wa tano siko nyumbani Mtwara mjini, nazunguka vijiji vya Tandahimba na Newala, maana mashine ya mkulima ikigoma wakati mikorosho inachipua na kutoa maua, ugonjwa wa ubwiri unga haumsubiri mtu apande basi kuja mjini. Miaka yote nimelala gesti, mara nyingine kwenye benchi la mwenyeji. Mwaka huu nikachomelesha tela dogo la tairi mbili: kitanda, kabati la spea, dirisha la wavu, bati juu. Nalivuta kwa Hilux yangu ya zamani. Tela nalipenda kuliko nyumba. Lilikuwa limebaki umeme tu.

Nikaingia duka moja hapa mjini, jina silitaji. Nikamweleza jamaa ninachotaka: taa tatu za wati 5, kifriji cha volti 12 cha wati 45, na kuchaji simu. Akabonyezabonyeza kikokotoo, akaniambia, "Bosi, hapo chukua betri ya 100Ah, paneli ya wati 200 na kontrola ya MPPT. Jua likigoma siku tatu wewe unakunywa maji baridi." (Ah ni ampia-saa: betri ya 100Ah inatoa ampia 5 kwa masaa 20. Kontrola inasimamia chaji kutoka paneli kwenda betri, na MPPT ni aina inayoikamua paneli zaidi.) Nikalipa 890,000 pamoja na fundi wake wa kufunga. Nikaondoka nacheka peke yangu.

Usiku wa kwanza Kitangari, saa saba, kifriji kikaanza kulia tii, tii, tii, kikazima. Taa zikafuata. Nikasema sawa, labda nimeegesha vibaya, na kweli nilikuwa nimeegesha chini ya mkorosho. Hapo kosa ni langu. Kivuli cha tawi moja kikiangukia kona ya paneli, paneli nzima inanywea, kwa sababu vile vipande vyake vimeungana kama watu wanaopokezana ndoo, mmoja akilala maji hayafiki. Kesho yake nikalitoa tela juani kuanzia asubuhi. Usiku, hadithi ileile.

Siku ya tatu ndiyo niliyochoka. Asubuhi naingia kwenye gari nitoke, nazungusha funguo, gari linafanya tk. Basi. Fundi yule alivuta waya kutoka betri ya gari hadi betri ya tela bila kuweka relei, ile swichi ya kutenganisha betri hizo mbili injini ikizimwa. Betri mbovu ya tela usiku kucha imeinyonya betri nzima ya gari. Vijana sita walinisukuma hadi likawaka, nikawanunulia soda, na mmoja akauliza kwa upole kabisa, "Fundi, na wewe una fundi?"

Nikaona sasa inatosha, mimi injini nazijua, umeme huu utanishindaje? Nikaazima multimita, kile kipimo cha volti na ampia.

Nilianza na betri. Nikaichaji nje ya tela hadi ikajaa, nikaiacha itulie, ikasoma volti 12.7, safi. Nikaifunga taa ya mbele ya gari, balbu ya wati 55, ambayo inakula kama ampia 4.6. Betri ya kweli ya 100Ah ingeiwasha hiyo balbu saa 20 na ushee. Nikaiwasha saa 12 jioni, nikavuta kiti. Saa 4 usiku inang'aa. Saa 6 imeanza kulegea. Saa 8 imekuwa njano kama kiini cha yai, kisha wekundu wa kaa la moto, basi. Masaa nane tu. Pigeni hesabu wenyewe, ampia 4.6 mara nane: haifiki hata 40Ah. Na betri ya risasi (ile metali nzito) kama hii haitakiwi kunyonywa hadi mwisho, ukitaka ikae miaka unatumia nusu tu, yaani ukisoma 12.2 ikiwa imetulia unaacha. Kwa hiyo ninachoweza kutumia kwenye hiyo "100Ah" ni kama 20. Wakati kifriji peke yake, kikifanya kazi nusu ya siku, kinataka 45.

Halafu nikakumbuka mizani. Ghala la chama cha msingi mwezi huu halina korosho, mizani imekaa tu inakula vumbi. Nikamwomba karani, nikabeba betri yangu begani (begani! hapo tu ningeshtuka) nikaiweka juu ya ule mzani uliozoea magunia. Kilo 16 na nusu. Betri ya risasi ya 100Ah huwa inacheza kilo 28 hadi 30 na kitu, kwa sababu umeme wake unakaa kwenye risasi, na risasi haina njia ya kuwa nyepesi. Karani akaangalia stika, akaangalia mzani, akaniambia, "Hii imekatwa unyevu." Wanaouza korosho, mliozoea kukatwa kilo kwa sababu ya unyevu, mtaelewa nilivyocheka huku roho inauma.

Kabla hamjanirukia: najua betri za lithiamu ni nyepesi, ya 100Ah inaweza kuwa na kilo 11 au 12. Yangu imeandikwa kabisa kwamba ni ya jeli, na jeli ni risasi vilevile.

Paneli sasa. Nikachukua futi: mita 1 kwa sentimita 54. Paneli nzuri za siku hizi, jua kali la saa sita, zinatoa wati 200 hivi kwa mita nzima ya mraba. Mimi nina nusu mita na kidogo. Hizo wati 200 zimejificha wapi, nyuma? Nilipopima saa sita mchana anga jeupe nikapata ampia 5.1, betri ikiwa volti 12.9. Hiyo ni kama wati 66. Na ile kontrola "ya MPPT" haina MPPT yoyote, ni ile ya kawaida iliyobandikwa jina. Nilijuaje? MPPT ya kweli inashusha volti za paneli na kukuongezea ampia, ampia zinazoingia kwenye betri zinazidi zinazotoka kwenye paneli. Hii yangu, pima mbele pima nyuma, 5.1 ni 5.1. Na nyepesi kama ganda la korosho.

Lakini kilichonitia hasira kuliko vyote ni waya. Nilidhani nitakuwa nachaji njiani, kutoka mjini hadi Newala ni masaa barabarani, alteneta, ile jenereta ya injini, inazunguka bure. Nikapima gari likiwaka: mbele kwenye betri ya gari volti 14.2, nyuma kwenye tela 12.8. Volti 1.4 zimepotelea njiani! Betri ya risasi inataka ifikie kama 14.4 ndiyo ijae, ukiipa 12.8 unaibembeleza tu. Nikachomoa waya, nikaukwangua kwa kisu. Juu rangi ya shaba nzuri, kisu kikipita mara mbili tu ndani kweupe. Aluminiamu iliyopakwa shaba. Unene wa milimita za mraba 2.5, urefu mita 7 kwenda na 7 kurudi. Hata ungekuwa shaba tupu ungekuwa mwembamba kwa kazi hiyo. Na hakuna fyuzi hata moja, si mbele, si nyuma. Waya huo umepita chini ya gari karibu na bomba la moshi, nami nalala kwenye tela lenye godoro la sponji. Fundi huyo alitaka kunichoma.

Nikarudi dukani na vyote, na picha ya mzani kwenye simu. Mnajua nilijibiwa nini? "Mzee, umeiua mwenyewe, umeitumia bila kufuata maelekezo." Maelekezo gani? Nikamwambia basi lete nyingine mpya tuipime mzani hapahapa mbele ya wateja. Akasema bidhaa ikitoka haipimwi. Risiti alinipa ya kuandika kwa mkono, na mimi kwa uzembe nikaipokea. Hapo nako nimejifunga mwenyewe.

Na hapo sijasema kwamba gesi ya kufua umeme inachimbwa Mnazi Bay, jirani zangu kabisa, halafu mimi natafuta mwanga wa wati 5. Haya, tuliache hilo.

NYONGEZA (jioni): Mkuu uliyeuliza nimefanyaje sasa. Nimenunua waya wa shaba wa milimita za mraba 16, nimeukwangua dukani kabla ya kulipa, mwenye duka akanuna, shauri yake. Fyuzi nimeweka kila mwisho, karibu kabisa na kila betri, na relei inayokata injini ikizimwa. Nyuma sasa nasoma 13.9 gari likiwaka. Betri bado ni ileile ya aibu, kifriji nimekizima, maji nanunua ya baridi kwa mama muuza duka. Lithiamu naitamani, ila mfuko hauruhusu msimu huu.

Dada wa Lindi uliyeuliza kuhusu paneli yako, ndiyo, hata ya juu ya banda la kuku inapimwa kwa futi vilevile.

Kama kuna aliyewahi kupeleka kesi ya bidhaa bandia Tume ya Ushindani akiwa na risiti ya mkono tu, naomba anieleze alianzia wapi na alibeba nini. Betri ninayo, paneli ninayo, kipande cha waya nimekitunza kwenye soksi.

Na wewe uliyenitumia ujumbe pembeni kwamba una "betri orijino 100Ah bei ya mshkaji", nijibu swali moja tu: kilo ngapi?