Kupangisha fleti kwa wageni London nikiwa safarini

Zuhura, Barking:
Asalaam alaykum, na hamjambo nyote. Desemba naenda Dar kwenye harusi ya mdogo wangu, narudi mwisho wa Januari. Fleti itakaa tupu na kodi ya nyumba haisubiri. Nimeshauriwa niiweke Airbnb, ile tovuti ya kupangisha wageni wa muda mfupi. Wengine wanasema ruksa siku 90, wengine marufuku. Naombeni mwongozo.

Mama Salma, Tottenham:
Waalaykum salaam Zuhura mdogo wangu, hongereni kwa harusi.

Hizo 90 zipo, ila ni za London. Sheria ya 1973 ilikataza kupangisha nyumba ya kuishi kwa chini ya siku 90 mfululizo bila kibali cha mipango miji. Mwaka 2015 Bunge lililegeza: hutahitaji kibali mradi jumla ya usiku wa wageni isizidi 90 kuanzia Januari hadi Desemba, na mpangishaji awe ndiye mwenye wajibu wa kulipa kodi ya kaunsili, yaani halmashauri ya mtaa. Safari yako inaangukia miaka miwili, kwa hiyo hapo umesalimika. Airbnb wenyewe hufunga tangazo la nyumba nzima usiku 90 ukitimia, lakini ukitangaza na kwingine, kaunsili itajumlisha zote.

Sasa niambie, fleti ni ya nani? Kama ni ya kaunsili au shirika la nyumba, yaani lile la kupangisha kwa bei nafuu, tafadhali usithubutu. Tangu 2013, huku England kuipangisha nzima kinyume cha mkataba kunaweza kukufikisha mahakamani kwa kosa la jinai. Unaweza kunyang'anywa faida, na nyumba ukaikosa. Niliwahi kumkalimania mama mmoja aliyeitwa kwa jambo hili. Mezani walikuwa wamechapa tangazo lake lote: sebule, kanga yake juu ya kochi, na maoni ya wageni, kila moja na tarehe yake. Hakuwa na la kujibu. Familia ngapi zetu zinalea watoto kwenye chumba cha hoteli zikingoja nyumba kama hiyo! Mimi naiunga mkono sheria hii.

Kama ni ya mtu binafsi, soma mkataba. Mingi inataka ruhusa ya maandishi. Hata aliyenunua fleti hajapona, maana naye ana mkataba na mwenye jengo: mwaka 2016 baraza la rufaa liliamua kwamba kupangisha wageni wa siku chache kulivunja mkataba wa fleti uliosema iwe makazi binafsi tu. Benki ya mkopo na bima nao waulizwe kwanza.

Kaka Hamisi, Edinburgh:
Walioko Scotland msifuate hesabu hiyo. Huku mwenyeji lazima awe na leseni ya halmashauri, hata kwa chumba kimoja ndani ya nyumba anayoishi. Na kwa kodi ya mapato, Uingereza nzima, mapato ya upangishaji yakizidi pauni 1,000 kwa mwaka wa kodi, huenda ukatakiwa kuwajulisha HMRC, mamlaka ya kodi.

Zuhura:
Ahsanteni sana. Ni ya shirika la nyumba, basi naacha. Binti wa shangazi akija kukaa bure aiangalie, ni kosa?

Mama Salma:
Ndugu kukaa kwako bila kulipa si kupangisha. Ila waandikie shirika kabla hujaondoka, wajue tarehe ya kurudi na nani yumo ndani, na jibu lao ulihifadhi. Binti mwachie namba yao ya dharura. Januari boila, mtambo wa kupasha nyumba joto, huzimika.