Tupeane uzoefu: kulala kwenye tenti Gold Bluffs Beach, bahari mbele na miti ya redwood nyuma

Mkazi wa Sac

Wakuu habari za majukumu. Kila kiangazi kikikaribia sisi tulioko California na Oregon tunaanza kuulizana watoto tuwapeleke wapi, na wengi mwisho wa siku wanaishia mahotelini Los Angeles, hela zinakwisha, wanarudi wamechoka kuliko walivyoondoka. Mimi nataka tuongelee Gold Bluffs Beach, kaskazini kabisa mwa California karibu na kijiji cha Orick, ndani ya hifadhi ya Prairie Creek Redwoods. Pale unafunga tenti mchangani, mbele yako Pasifiki, nyuma yako genge la udongo wa manjano, na juu ya genge ndio msitu wenyewe unaanza, miti mirefu kupita yote duniani. Hilo jina la dhahabu limetokana na dhahabu kweli, ilionekana kwenye mchanga wa pale mwaka 1850 watu wakakimbilia. Aliyewahi kulala pale aje na stori yake, hata kama ni kempu nyingine ya ukanda huohuo karibu.

Naanza mimi. Ukitokea kusini kwa barabara ya 101, ukishapita Orick unakata kushoto unaingia Davison Road. Ni ya vumbi, nyembamba, mashimo, trela haziruhusiwi kabisa. Unakwenda mdogomdogo ndani ya msitu giza halafu unateremka na ghafla miti imeisha bahari hiyo hapo. Tulifika jioni upepo unavuma wa kutoka baharini, sio wa mchezo. Mume wangu alikuwa amejiandaa, tenti yetu ni fupi ya mgongo wa chini, na vigingi vya kawaida hatukuvitumia maana havishiki mchangani, tulijaza mchanga kwenye vifuko vya nguo tukavifukia kina cha mkono mzima na kamba tukafungia kwenye hivyo vifuko. Usiku saa tano hivi tukasikia kelele, majirani zetu familia ya kutoka Nevada wana tenti ile ndefu ya kusimama ndani, nguzo imekatika na turubai linapepea. Tukatoka wote tukawashikia wakalikunja, watoto wao wakalala kwenye gari, asubuhi wakatuletea pankeki na tukashinda pamoja siku nzima. Kwa hiyo la kwanza kabisa ninalosema ni tenti fupi na kamba za ziada. Karibuni.

mpwani_pdx

Asante sana dada kwa uzi huu. Mimi mzaliwa wa Mombasa niko Portland, na bahari nimeijua kabla sijajua kusoma, nilikulia Likoni. Sasa nawaambia wapwani wenzangu, ile bahari si hii yetu. Maji yake hata Julai ni nyuzi 10 mpaka 13 hivi, ukiingiza mguu mfupa unauma. Hakuna anayeogelea pale na wala usimruhusu mtoto kuoga. Halafu kuna mawimbi ya kushtukiza, bahari inatulia dakika kumi nzima, mchanga umekauka, mara linakuja moja kubwa linapanda juu kupita yote yaliyotangulia na linarudi na mtu, tena lina nguvu ya kuinua gogo zima. Yale magogo makubwa yaliyotupwa ufukweni watoto wanapenda kuyapanda, mimi wangu marufuku yakiwa karibu na maji. Sheria yangu ni moja tu, usiipe bahari mgongo.

Lakini wallahi naipenda ile fukwe. Inakwenda maili na maili huoni hoteli, huoni kibanda, huoni mtu. Mkeo unatembea naye saa nzima mnakutana na alama za nyayo za elki tu. Na ukungu ukija asubuhi unasikia mawimbi bila kuyaona. Nyumbani fukwe zetu zinaisha kwa kuta za watu, nikitembea pale nafikiri sana juu ya hilo.

Boda2Lori

Mkuu umegusa elki ngoja niseme. Kwa wasiowajua, elki ni jamii ya kulungu ila mkubwa haswa, dume likishiba linafika kilo 450, pembe zake zina matawi. Wa pale ni aina ya Roosevelt na wanaishi hapohapo kwenye majani kati ya tenti na bahari, sio kwamba unakwenda kuwatafuta, wao wanakuja. Mimi naendesha lori njia ya 101 na nikipata mapumziko huwa nachukua gari dogo naenda kulala pale. Mwaka mmoja mwezi wa tisa, alfajiri nafungua zipu ya tenti niende chooni, dume limesimama kwenye njia, kama hatua thelathini kutoka nilipo. Mwezi wa tisa ndio majira yao ya kupandana, madume yanakuwa na hasira na yanapiga mluzi, sauti nyembamba ndefu ambayo ukiambiwa inatoka kwa mnyama mkubwa vile huamini. Nikafunga zipu nikakaa. Likala majani likala, jua likachomoza, mimi haja imenibana na dume halina haraka. Lilipoondoka lenyewe ndio nikatoka. Marenja wanasema mkae mbali naye angalau mita 25 na mimi naongeza, majike yenye watoto mwezi wa tano na sita nayo ni hatari vilevile. Usimpigie picha kwa karibu eti amezoea watu. Hajazoea, anakuvumilia tu.

Jikoni Kwetu

Samahani naingilia, mimi sijawahi kulala nje tangu nifike Marekani. Dubu wapo? Na chakula mnapika nini?

Mkazi wa Sac

Dubu weusi wapo dada ila ukifuata utaratibu usihofu. Kila sehemu ya tenti ina kabati la chuma la kufungia chakula, na si chakula tu, dawa ya meno, sabuni, mafuta ya kupaka, deli lenye vinywaji, chochote chenye harufu kinaingia humo usiku na mchana ukitoka. Ndani ya tenti usiweke hata pipi. Kuhusu kupika mimi nakwenda na jiko la gesi lenye kikinga upepo, ugali unaiva vizuri tu, mboga nakuwa nimeshaipika nyumbani nimegandisha. Supu ya moto jioni ni lazima, bila supu watoto hawalali.

Na dagaa acha nyumbani, harufu yake haifichiki kabatini.

Mtu wa Misitu

Niongezee kwenye chakula maana watu wengi hawalijui hili na linaniuma. Kuokota makombo pale si kwa ajili ya dubu peke yake. Kuna ndege mdogo wa baharini anaitwa marbled murrelet, anavua samaki Pasifiki lakini hatagi kwenye mwamba kama wenzake, anaruka mpaka ndani ya msitu wa zamani anataga yai moja juu ya tawi nene la mti lenye kuvumwani. Watu hawakujua anakotaga, mpaka 1974 mpandaji miti alipokikuta kiota kule Big Basin. Sasa kunguru na wale ndege wa bluu wenye kishungi wanafuata makombo ya wakempaji, wakishazoea wanakaa hapohapo na wanakula mayai na makinda ya murrelet. Yai moja kwa mwaka, likiliwa basi. Kwa hiyo mkate wa mtoto ukidondoka okota, na maji ya kuoshea sufuria yachuje, mabaki tia kwenye taka.

Mimi nilisoma misitu SUA, chuo kikuu cha kilimo pale Morogoro, sasa niko Arcata, ni mwendo wa kama saa moja kutoka pale, kwa hiyo nakwenda mara kwa mara. Nimeona mmesema bahari mbele na msitu nyuma kana kwamba ni vitu viwili. Ni kitu kimoja wakuu. Kiangazi cha kule mvua hainyeshi karibu kabisa, huo ukungu unaowalowanisha tenti ndio unaonywesha miti. Unagonga majani juu kule unakuwa matone yanadondoka chini, na mengine majani yenyewe yanayanyonya. Utafiti uliofanyika ukanda ule uliona karibu theluthi ya maji yanayoingia msituni kwa mwaka ni ya ukungu. Na bahari ingekuwa ya joto kama ya Likoni ukungu huo usingekuwepo, na redwood zisingekuwepo. Yale maji ya baridi aliyoyalalamikia mpwani ndiyo yaliyootesha msitu.

Lakini angalieni pia, miti iliyo karibu kabisa na ufukwe si redwood, ni spruce ya Sitka. Redwood haipendi chumvi ya upepo wa bahari, inakaa nyuma ya kilima kidogo. Ukitaka kuona mabadiliko hayo kwa miguu panda njia ya Miners' Ridge kutokea hapohapo kempu, unaanza na spruce, unapanda, na kadiri unavyoingia ndani unajikuta unazungukwa na vigogo ambavyo watu sita hawavikumbatii. Mizizi yake haiendi chini sana, mara nyingi haizidi mita 4, ila inatambaa mbali na kushikana na ya wenzake, ndivyo inavyosimama miaka zaidi ya 2000 na upepo ule. Ndio maana nawaomba msitoke nje ya njia, mnakanyaga mizizi.

Jikoni Kwetu

Aisee nimejifunza. Na ule mti mrefu kuliko yote uko hapo? Nimeona video watu wameufikia.

Mtu wa Misitu

Unaitwa Hyperion, uligunduliwa 2006, ni mita 115 na ushee. Usiende. Watu walikuwa wanakata vichaka kuufikia mpaka ardhi ya chini yake imekuwa ngumu na uchafu umejaa, mwaka 2022 hifadhi ikafunga eneo lote, ukikamatwa ni faini mpaka dola 5000 na kifungo cha miezi 6. Na ukiwa chini yake kilele hukioni, unaona kigogo tu. Miti ya pembeni mwa barabara ya Newton Drury inatosha kukuumiza shingo kwa kutazama juu.

Ya zamani imebaki kidogo mno, kama asilimia 5 ya iliyokuwepo kabla ya misumeno. Hifadhi ya taifa ilianzishwa 1968, ikapanuliwa 1978 kwa sababu kampuni zilikuwa zinafyeka milima ya juu na udongo unashuka kwenye mto Redwood Creek mpaka unatishia miti iliyohifadhiwa kule chini. Sasa hivi wanafufua maeneo yaliyofyekwa, na kabila la Wayurok ambao ndio wenyeji wa ardhi ile tangu mwanzo wamo, ndio waliorudisha angani tumbusi wakubwa waitwao kondori mwaka 2022. Nawapa heshima yao.

Binti Pangani

Asalaam aleykum. Yangu ni fupi ila naiweka. Baba mkwe alikuja kututembelea kutoka Tanga, mzee wa miaka sabini na kitu, mvuvi maisha yake yote. Tukasema hawezi kuondoka hajaiona bahari ya huku. Mume wangu akaogopa baridi, mzee akasema nipeni koti twende. Tulimwekea godoro la upepo juu ya mkeka wa povu, mablanketi mawili ya sufu, na chupa ya maji moto miguuni, akalala vizuri kutushinda sisi. Huo mkeka wa povu chini ya godoro msiuache, hewa ya ndani ya godoro peke yake inapoa na inakugandisha.

Alfajiri nikamchemshia maji ya udhu. Akauliza kibla, nikamwambia huku ni kaskazini ukipinda mashariki kidogo. Akashangaa, maana kwao ni kaskazini vilevile ila bahari inakuwa mkono wa kulia, na hapa ikawa kushoto. Akasali pale mchangani na jaketi la mwanawe. Baadaye tukampeleka Fern Canyon, ule mfereji wa kijito ambao kuta zake pande zote mbili zimefunikwa makangaga kuanzia chini hadi juu, maji yanachuruzika kila mahali. Unatembea ndani ya maji, kwa hiyo vaeni gambuti, soksi za akiba mfukoni. Kiangazi wanaweka vibao vya kuvukia, mzee tulimshika mkono akavuka vyote. Kitu kimoja cha utaratibu: kuanzia Mei 15 hadi Septemba 15 wanaokuja mchana na magari lazima wawe na kibali walichobuku kabla, ila ukiwa umebuku kulala pale kempu hicho kibali huhitaji. Wengi hawajui wanarudishwa getini.

Boda2Lori

Dada umenigusa na huyo mzee. Mungu amtunze.

mpwani_pdx

Niweke jingine, zito kidogo. Tetemeko. Ukanda ule unatikisika, Disemba 2024 lilipiga la 7.0 karibu na Cape Mendocino na simu zote zikalia onyo la tsunami, likaja kuondolewa baadaye. Crescent City kaskazini ya hapo ilibomolewa na tsunami mwaka 1964, watu walikufa. Na pale kempu mtandao haushiki, kwa hiyo simu haitakuambia kitu. Mkisikia ardhi inatikisika kwa nguvu au kwa muda mrefu acheni tenti, acheni gari, pandeni juu kwa miguu. Sisi tukifika tu kabla ya kushusha mizigo nawatembeza watoto mwanzo wa ile njia ya kilimani wajue ilipo, kisha ndio tunafunga tenti.

Jikoni Kwetu

Nashukuruni wote. Mnanishauri mwezi gani, na nabuku wapi?

Mtu wa Misitu

Mtandaoni kwenye ReserveCalifornia, nafasi zinafunguliwa miezi sita kabla, na zinajaa haraka mno, amka asubuhi ile siku yako inapofunguka. Ukikosa, endelea kuchungulia katikati ya wiki, watu wanaghairi. Mwezi mimi nasema wa tisa, ukungu unapungua, mchana kuna jua, shule zimefunguliwa na watu wamepungua, ila elki dume ndio kama alivyosema mkuu hapo juu. Ukiwa na watoto wadogo nenda Juni au Julai, ni baridi na ukungu lakini madume yametulia. Kuni nunua Orick au Trinidad, usibebe kutoka kwenu, zinasafirisha wadudu wanaoua miti. Za ufukweni zimelowa, zinatoa moshi tu.

Mkazi wa Sac

Na ukirudi nyumbani usiiache tenti ndani ya mfuko hata usiku mmoja, itandaze uani suuza chumvi kwa maji matamu na uianike hadi mishono ikauke, zipu zikishaliwa na chumvi hazifungi tena. Dada Jikoni ukipata nafasi sema hapa, sisi tunapanga wiki ya kwanza ya Septemba na gari letu lina siti mbili wazi kutokea Sacramento.